Kaburi la Mshazari

"Rudini nyuma," alisema Khalaf bin Hudayr. "Hili ni kaburi, si sinia la harusi."

Watu walirudi hatua moja, wakasogea mbili. Ndivyo walivyo watu wa vitongoji vya Kurtuba: ukiwafukuza mlangoni wanaingilia dirishani. Khalaf hakubishana nao. Alimtupia jicho msaidizi wake Lubb, na Lubb, ambaye kifua chake kilikuwa ukuta tosha, akajisimamisha baina ya shimo na umati, akakunja mikono.

Khalaf alikuwa mpelelezi wa shurta, askari wa mji. Aliletewa mambo ambayo rungu lilishindwa kuyamaliza. Hili la leo wenyewe walidhani limekwisha. Sheikh Maymun bin Asbagh, imamu wa mtaa, alipotea kabla ya mfungo wa Ramadhani, akatafutwa mpaka chini ya daraja asionekane. Jana mafundi waliokuwa wakichimba mfereji walimfukua pembeni mwa bustani ya Futays, muwamba ngozi za kuandikia. Kabla jua halijazama Futays alikuwa ameshatiwa pingu. Kadhi akaamuru maiti isisogezwe mpaka shurta imalize kuitazama. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, angetoa hukumu, na mtoto wa marehemu alikuwa amekwisha kutangaza anachotaka. Alitaka shingo ya Futays.

Mtoto huyo, Mundhir, alisimama ukingoni mwa shimo. Alikuwa mtu mzima wa makamo, macho yamemvimba kwa kulia.

"Unatafuta nini tena, Bwana Khalaf?"

"Natafuta kilichopo."

"Kilichopo si hicho hapo! Mtazame baba yangu alivyolazwa. Mshazari! Kibla chetu ni kile pale." Alinyoosha kidole kwenye msikiti wa mtaa uliopakana na bustani. Ulielekea kusini sawasawa, kama misikiti yote ya mji tangu zama za mababu. "Na yeye uso umekwenda upande, kama mzigo uliotupwa. Muislamu gani atamzika mwenzake hivi? Huyu ni mtu asiyejua kibla. Na hapa mtaani nani asiyejua kibla? Futays! Kasilimu juzi, hata maji ya kukogea shahada hayajamkauka."

"Haswa!" sauti ikatoka nyuma ya Lubb.

"La kuvunda halina ubani," mwanamke mmoja akadakia. "Akatwe, tukalale!"

Khalaf alivua viatu, akashuka shimoni.

Alikaa humo muda mrefu kuliko watu walivyopenda. Shimo lilichimbwa kwa upana wa kutosha, kingo zake zimenyooka. Upande mmoja, chini kabisa, palichongwa mwanandani, na ndani yake ndimo alimolala Sheikh Maymun, kwa ubavu wa kulia. Mafundi walikuwa wamebomoa matofali mabichi yaliyoziba mwanandani, lakini mawili yalikuwa bado yamesimama, yamepangwa vizuri. Maiti ilivikwa joho badala ya sanda. Joho lilikuwa limefungwa mafundo kichwani, kiunoni na miguuni, na mafundo yote matatu yalikuwa yamefunguliwa. Kitambaa kilivutwa usoni ili shavu liguse udongo. Chini ya shavu paliwekwa tofali dogo. Pete ya akiki ilikuwa bado kidoleni.

Akakikagua kichwa. Fuvu lilikuwa limebonyea kisogoni, mahali pamoja tu. Kisha akaupekua upindo wa kanzu chini ya joho, akakwangua kitu cheupe kwa ukucha, akakionja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Astaghfirullah," Lubb alinong'ona kutoka juu. "Unaonja nini tena, bwana mkubwa?"

"Chokaa. Niletee vigingi vinne na uzi."

"Unataka kuanika nguo?"

"Lete, Lubb."

Alipiga vigingi viwili kufuata urefu wa shimo, akavuta uzi. Akapiga vingine viwili, akavuta uzi wa pili uukate wa kwanza kwa pembe mraba, upande ule uso wa marehemu ulikoelekea. Halafu akalala kifudifudi kwenye nyasi, jicho moja limefumbwa, akautazama uzi ulikokwenda. Umati ulicheka. Uzi haukwenda kusini. Ulikwenda kushoto kwa kusini, kuelekea macheo, ukapita kati ya fremu za kuwambia ngozi, na huko mwisho wa bustani ukalenga ukuta wa udongo. Palipolengwa na uzi palikuwa na doa la chokaa, kubwa kama kiganja.

Khalaf akainuka, akajipangusa magoti.

"Lile doa ni la nini?"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema labda mafundi walijipangusa mikono.

"Umemaliza?" Mundhir aliuliza.

"Bado. Marehemu alikuwa na maadui?"

"Baba yangu alikuwa mtu wa haki. Mtu wa haki hakosi maadui. Lakini aliyemwambia mbele ya watu kwamba ipo siku atamwamba pamoja na ngozi zake ni mmoja tu, na umeshamfunga. Kesho nataka haki yangu."

"Kesho utaipata," Khalaf alisema. "Haki ya nani, bado sijajua."

*

Nje ya gereza la darajani mke wa Futays, Ishraq, alikuwa ameketi chini na kikapu cha mkate. Alipomwona Khalaf alisimama upesi, akamshika mkono wa kanzu.

"Bwana wangu, nisikilize. Futays hana moyo wa kuua. Ngozi anawamba, ndiyo, zikija zimekwisha kuchunwa. Lakini kuku nyumbani namchinja mimi! Yeye anatoka uani mpaka nimalize. Muulize mtu yeyote."

"Nitamuuliza yeye. Njoo na mkate wako."

Futays alikuwa mtu mwembamba, vidole vimekakamaa kwa chokaa na maji. Khalaf akaiona chokaa ile chini ya kucha zake. Ngozi hulowekwa ndani ya chokaa, hilo hata mtoto analijua. Kwa hiyo chokaa ya upindoni ilikuwa shahidi anayeweza kuitwa na kila upande.

"Uligombana na Sheikh Maymun."

"Nani hakugombana naye? Alisema ngozi zangu zinafukuza malaika. Nikamwambia malaika wa upande wetu wamezoea."

"Na ukasema utamwamba."

"Nilisema. Nilikuwa na hasira." Futays akatazama mkate, hakuugusa. "Kesho yake akaja nyumbani, akala. Akasema kwa mkate huu wa Ishraq, harufu tumeisamehe. Hayo wenyewe hawayasemi."

"Kabla hujasilimu, kwenu mlizika vipi?"

"Chali, bwana. Miguu macheoni, uso juu."

"Na leo ukifiwa?"

"Nitaita wanaojua."

"Mwanandani je?"

Futays akamtazama mkewe, kama mtu anayeomba msaada. "Mwanandani... ndiye nani?"

Lubb akakohoa kuficha kicheko. Khalaf hakucheka. Alijua mtu huweza kujitia ujinga. Lakini anayejitia ujinga husita kwanza, kwa sababu lazima ajue anachokificha, na huyu hakusita hata kidogo.

"Bustani unaifunga?"

"Naifungaje? Mlango hauna komeo. Mafundi wa msikiti wanachota maji kisimani kwangu, mbuzi wa jirani wanaingia, Bwana Wahb anaingia na mti wake."

"Mti gani?"

"Ana mti mfupi, anausimamisha katikati ya uwanja, anakaa anatazama kivuli chake. Kutwa nzima! Nilimwambia, bwana mwalimu, kivuli hakikimbii, njoo ule. Wapi!"

Ishraq alikuwa amepiga magoti, anamkatia mumewe mkate kama mtoto mdogo. "Kesho watamkata, bwana?" aliuliza bila kuinua uso.

"Sijui," Khalaf akajibu, na ilikuwa kweli.

*

Msikiti wa mtaa ulikuwa unapanuliwa kwa sababu waumini walikuwa wakisalia mpaka barabarani. Kiongozi wa mafundi aliitwa Sadun, mtu wa maneno mengi na kilemba kidogo. Khalaf alimkuta juu ya msingi mpya, uliojengwa kufuata ule wa zamani, sambamba kabisa.

"Chokaa hii mnaichanganyia wapi?"

"Hapo hapo unapokanyaga, bwana. Sogea kidogo, utaharibu viatu."

"Sheikh Maymun alikuwa akija hapa?"

"Kila jioni! Eh, mimi yule mzee nilimheshimu, lakini alinitia wazimu. Nisikilize. Mwalimu Wahb, yule wa hesabu na nyota, aliniambia: Sadun, maadamu mnajenga upya, jengeni sawa. Kibla cha mababu kilikisiwa tu, Makka haiko kusini kwetu, iko huko, karibu na macheo. Akanipigia vigingi. Jioni Sheikh Maymun anakuja, anavikuta, anaving'oa. Asubuhi Wahb anavipiga tena. Jioni vinang'oka. Mimi nimekaa juu ya jiwe nawatazama. Nijenge wapi? Angani?"

"Na watu wa mtaa?"

"Watu walikuwa na Sheikh. Walilia, bwana, wanaume na ndevu zao! Wakasema, mababu zetu wamesali huku, wamezikwa huku, leo tuambiwe walikuwa wakimpa Mungu bega? Mimi mwenyewe sikulala. Baba yangu yuko kaburini anatazama kusini. Nikamfukue nimgeuze?"

"Ikaishaje?"

"Sheikh akapotea, na Wahb akaacha kuja. Nikajenga alivyotaka Sheikh. Mtu akishapotea, unamwachia angalau ukuta wake."

Khalaf akaviangalia vidole vya fundi, vyeupe tupu. "Sadun, ungetaka kumzika mtu kwa siri bustanini kwa Futays, ungemlaza vipi?"

Fundi akapauka. "Mimi? Wallahi mimi..."

"Nimesema ungetaka."

"Ningefuata ukuta wa msikiti! Upo pale pale, hata kipofu angeushika kwa mkono. Nini cha kufikiri hapo?"

"Hakuna," Khalaf akakubali. "Doa la chokaa mwisho wa bustani ni lako?"

"La Wahb. Alitia alama ya kibla chake, siku alipomaliza na mti wake wa kivuli. Mafundi wangu walikuwa wakilitania doa lile, wakiliamkia kama bwana mkubwa. Halafu tukalisahau."

"Na jiwe gani hapa lina ncha?"

Sadun akaonyesha jiwe la pembe, zamani la jengo la Warumi, lililotoka kwenye msingi kama goti. Khalaf alipiga magoti, akalichunguza. Lilikuwa limesuguliwa likasafika kuliko mawe yote ya jirani.

"Nani alilisafisha?"

"Sijui. Tulilikuta hivyo asubuhi moja, tukasema labda mvua." Fundi akafikiri kidogo. "Lakini siku zile hata mvua haikuwa imeanza."

Walipokuwa wakiondoka Lubb alijikuna kidevu.

"Basi ni fundi. Ana chokaa, ana jiwe, na mdomo wake haujui kukaa."

"Fundi angefuata ukuta. Kasema mwenyewe, na kasema kabla hajajua kwa nini namuuliza."

"Basi Futays. Hajui kibla, kamlaza ovyo."

"Aliyemlaza alichonga mwanandani, Lubb. Aliweka tofali chini ya shavu. Alifungua mafundo yote, hata la miguuni, ambalo mimi mwenyewe nilimzika mjomba wangu nikalisahau. Mtu huyu hakosi kibla."

"Lakini kakikosa!"

"Mtaa mzima unasema kakikosa," Khalaf akajibu. "Tupite kwa Mwalimu Wahb. Alasiri inakaribia."

*

Wahb bin Mutarrif aliwapokea kwenye baraza ya ndani, penye mchungwa mmoja na birika la maji. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mikono yake safi kupita kiasi. Aliwaletea tini na maji yenye maua ya mchungwa. Lubb akala tini. Khalaf hakula.

"Umesikia habari za Sheikh Maymun."

"Inna lillahi. Mji mzima umesikia."

"Mlikuwa hampatani."

"Tulibishana. Yeye alikuwa na mababu, mimi nilikuwa na kivuli cha jua. Hatukuweza kukubaliana shahidi ni nani."

"Ni nani mwenye haki?"

"Unauliza kama askari au kama mwanafunzi?"

"Kama mtu anayesali mara tano kwa siku."

Wahb akatabasamu kidogo. "Basi sali wanakosali wenzako. Mimi pia nikienda msikitini nafuata safu. Haifai kuvunja safu."

Adhana ya alasiri ikasikika kutoka mnara wa mbali. Wote watatu wakaiitikia mpaka ikaisha.

"Tusali hapa," Khalaf akasema. "Msikiti uko mbali."

"Karibuni." Wahb aliwamiminia maji ya kutawadhia, akatandika mikeka mitatu, mmoja mbele na miwili nyuma. Aliitandika kuelekea kusini, kama mwenyeji yeyote anayemheshimu mgeni. "Tangulia, Bwana Khalaf. Utusalishe."

"Haiwezekani. Mwenye nyumba ndiye imamu wa nyumba yake."

"Nakuachia."

"Sipokei. Utanitia aibu."

"Basi bwana Lubb..."

"Mimi?" Lubb akasema, mdomo umejaa tini. "Mimi nikisoma hata malaika wanaomba radhi. Tangulia, mwalimu."

Wahb akasimama kwenye mkeka wa mbele. Akanyoosha mabega. Akainua mikono mpaka usawa wa masikio, akaishusha. Akainua tena, akaishusha tena. Msikitini, nyuma ya mwingine, aliweza kufuata safu. Hapa alikuwa yeye imamu, na sala za watu wawili zilikuwa shingoni mwake. Shingo ikamtoka jasho. Kisha akainama, akashika pembe ya mkeka wake, akaugeuza kushoto, kuelekea macheo, mpaka aliporidhika.

Khalaf akaugeuza wa kwake vivyo hivyo. Lubb akaduwaa, akatazama kulia, akatazama kushoto, akageuza na yeye. Wakasali rakaa nne, na Wahb hakukosea hata rukuu moja.

Baada ya kutoa salamu aliendelea kuketi, mgongo umewaelekea.

"Tangu lini umejua?" aliuliza.

"Sasa hivi. Mkeka wako umeelekea alikoelekea Sheikh Maymun."

"Watu wa hesabu mjini hapa ni wengi. Wengi wangegeuza mkeka hivi."

"Wengi. Lakini aliyesimamisha mti bustanini kwa Futays ni mmoja. Alama ya chokaa ukutani ni ya mmoja. Vigingi vilivyong'olewa kila jioni ni vya mmoja. Watu walisema aliyemzika Sheikh hakujua kibla. Mimi nikaona ni mtu aliyekijua kuliko wao, na hakuweza kujizuia."

Wahb aligeuka. Uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua mzigo.

"Nilimkuta anang'oa vigingi. Nikamwambia, mzee wangu, niachie leo tu, leo tu utazame mwenyewe kivuli kinavyoanguka. Akasema kivuli ni cha shetani. Nikamsukuma. Sikukusudia zaidi ya hapo, nilikasirika, nikamsukuma. Akaanguka juu ya lile jiwe. Nilimwita. Nikamwita sana."

"Kwa nini hukuita watu?"

"Ungekuwa wewe ungeita? Mtu wa nyota kamuua imamu kwa ajili ya kibla! Wangechoma nyumba zetu zote, na vitabu vyote, na wanafunzi wangu ndani." Akapangusa midomo. "Nikasema basi, haki zake nyingine zote nimpe. Nilimkosha kwa maji ya kisima. Nilimsalia peke yangu."

"Ukamgeuza."

"Sikumgeuza," Wahb akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Nilimwelekeza."

Lubb aliiacha tini aliyoishika irudi sahanini.

"Na Futays?" Khalaf akauliza. "Kesho angekatwa kwa kaburi ulilochimba wewe. Mkewe amekaa nje ya gereza na kikapu cha mkate. Ungemwacha?"

"Nilikuwa nangoja," Wahb akasema.

"Unangoja nini?"

"Ujasiri. Tangu jana naungoja, hauji."

"Umeshakuja," Khalaf akasema, akainuka. "Umechelewa, lakini umekuja. Vaa viatu."

*

Ijumaa kadhi hakuchukua muda. Futays aliachiwa pale pale, na neno la kwanza alilosema lilikuwa kuuliza viatu vyake viko wapi. Ishraq akampiga kofi la bega, kisha akalia kwa sauti mpaka bawabu akamnyamazisha. Kuhusu Wahb, kadhi alisema mkono uliosukuma kwa hasira ni mkono wa makusudi, kwa hiyo shauri ni la mwenye damu. Mundhir achague: shingo, fidia au msamaha.

Mundhir alimtazama Wahb. "Nimzike baba yangu kwanza," alisema. "Nitajibu makaburini."

"Shingo ni yako," Wahb akasema, pingu mikononi. "Sikuombi hiyo. Nakuomba moja tu, Mundhir. Msimgeuze."

Watu wakaguna. Mundhir akampa mgongo.

Jeneza lilibebwa mpaka kwenye makaburi ya kitongoji, makaburi yamejipanga yote kusini, safu kwa safu, babu nyuma ya babu. Futays alifuata nyuma, mbali na watu, maana hakuna aliyejua kama inafaa kumkaribisha. Wahb alisimama baina ya askari wawili. Khalaf alisimama karibu naye kwa sababu ndiyo kazi yake.

Mundhir akashuka kaburini. Akangoja wa kumsaidia kupokea maiti, na mpwa wake akasogea. Mundhir akamzuia kwa mkono, akatafuta kwa macho nyuma ya umati.

"Futays," aliita. "Njoo ushuke."

Futays akajinyooshea kidole kifuani. "Mimi?"

"Wewe. Nilisema hujui kuzika. Shuka nikufundishe."

Watu wakampisha. Futays akavua viatu vyake alivyovipata kwa tabu, akashuka. Wakampokea marehemu wote wawili, mmoja mabegani, mmoja miguuni. Mundhir alimwonyesha kwa sauti ya chini, kama fundi na mwanafunzi: huu ndio mwanandani, ubavu wa kulia hivi, fungua fundo hili, na hili, usilisahau la miguuni. Futays alifuata kila neno. Akaweka tofali chini ya shavu. Akafunua kitambaa. Kisha akainua macho.

"Uso niuelekeze wapi?"

Aliuliza kwa sababu hakujua. Hakukuwa na kejeli ndani yake, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumkemea. Mundhir, magoti yamezama udongoni, akainua kichwa, akamtazama Wahb pale juu. Akatazama kushoto, kule macheoni. Akatazama makaburi ya babu zake.

"Kusini," alisema.

Wahb akatoa sauti moja fupi, kama mtu aliyechomwa, akainama mpaka paji la uso likagusa pingu. Askari wawili walimshikilia asianguke. Mundhir aliisikia sauti ile. Khalaf alimwona alivyosita na tofali mkononi.

"Hivi?" Futays akauliza.

"Hivyo."

Wakaziba mwanandani, tofali baada ya tofali, wakatoka. Mundhir alimshika Futays mkono kumvuta juu. Akakung'uta udongo kwenye kanzu, akaja mpaka mbele ya Khalaf.

"Mfungueni," alisema.

"Umemsamehe?"

"Nimesema mfungueni. Shingo yake siitaki, na mali yake siitaki." Macho yake hayakuwa kwa Wahb, yalikuwa kwenye udongo mbichi. "Kila akija kuzuru atamkuta baba yangu kalala hivi. Yatosha."

Lubb alitoa ufunguo. Wahb alipofunguliwa hakuondoka. Aliketi chini hapo hapo kando ya kaburi, na Futays, ambaye alikuwa bado anatafuta kiatu chake cha pili, akampita bila kumwambia neno, akaenda kwa mkewe.